Uyoga Mamama Juu ya Viazi na Kimea

Mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yasiyo mbali na Pasua mjini Moshi, huacha mabua tele kila msimu, na kwa kuwa mabua hayo ni katika vyakula ambavyo uyoga mamama huvipenda mno, mtu huweza kudhani kwamba mkulima wa Moshi amekwisha pata kila kitu. Walakini kazi yenyewe huanzia nyuma zaidi, katika kisahani cha sentimita 9, ambamo nyuzi za uyoga hulelewa peke yake kabla ya kuhamishiwa katika mtama uliochemshwa, ambao ndio uitwao mbegu. Watafiti Mshandete na Cuff, waliotangaza mwaka 2008 habari za kustawisha aina tatu za uyoga wa porini wa Tanzania juu ya mabaki ya mkonge, nao hawakuwa na njia ila kupitia nyuzi safi.

Chakula cha kisahani kilicho mashuhuri ni cha viazi mviringo: gramu 200 huchemshwa, maji yake huchujwa na kutiwa gramu 20 za glukosi na gramu 15 hadi 20 za agari, kisha hujazwa hata yatimie lita 1. Agari hiyo, ambayo Fanny Hesse aliijua jikoni akaipendekeza itumiwe maabara mwaka 1881, hutokana na mwani. Ila mwani ulimwao Unguja na Pemba ni wa jamii nyingine, hutoa karajinani, si agari, basi agari yetu hununuliwa.

Chakula cha pili ni cha kimea, na Uchagani hapana haja ya kuagiza kopo la ughaibuni, maana kimea cha ulezi kile kile kitiwacho katika mbege, kikisagwa na kulowekwa katika maji ya moto yasiyochemka, wanga wake hugeuka sukari.

Aghalabu mlinganisho wa vyakula hivi hufanywa kwa kupima mbio za nyuzi kwa rula, na hapo ndipo watu hughilibika. Juu ya agari tupu isiyo na lishe nyuzi huweza kukimbia karibu sawa na juu ya viazi, kwa kuwa kiumbe mwenye njaa hutawanyika kutafuta riziki, lakini ukiinua kisahani mbele ya dirisha utaona utando mwembamba unaopitisha nuru yote. Kipimo cha haki ni uzito wa nyuzi zilizokaushwa.

Lipo jambo jingine, nalo ni la mlima. Sufuria ya presha, ambayo ndiyo huua vijidudu katika vyakula hivi, ikisoma ratili 15 kwa inchi ya mraba hufika nyuzijoto 121 Tanga, bali Moshi, takriban mita 800 juu ya bahari, hufika 119.5 tu, kwa kuwa kipimo huhesabu tofauti na hewa ya nje. Hivyo dakika 15 za pwani zahitaji kuwa kama 21 Pasua, na karibu 27 penye mita 1,400 upande wa Marangu. Viazi huvumilia muda huo. Kimea huungua kikawa cheusi, na kwa uchachu wake agari hukataa kuganda. Basi mwenye sufuria ya uzito usiobadilika na apike viazi, na kimea akiache kwa mwenye mtambo uwezao kupandishwa hata ratili 16 na ushei.