Kutoka Greig hadi Grieg: Uhakiki wa Dhana ya "Jina la Ukoo" katika Nasaba ya Familia ya Kiskoti Iliyohamia Norwei

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna nasaba ya familia ya Grieg ya Bergen, Norwei, yenye asili ya Uskoti, inavyosimuliwa kwa kuegemea jina lake. Hoja kuu ni kwamba wasimulizi huunganisha mambo matatu yaliyo mbalimbali, yaani maana ya jina, madai ya ukoo na ushahidi wa hati. Tunaonyesha kwamba jambo la tatu peke yake ndilo linaloweza kumfungamanisha mtu na mzazi wake, na kwamba istilahi yetu ya "jina la ukoo" inaficha tofauti hiyo. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu istilahi na fomu za usajili katika nchi zetu.

1. Utangulizi

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii inaeleza vizuri ari ya vitukuu na vilembwe wa Waskoti waliotawanyika Kanada, Marekani, Australia, Karibi na Ulaya ya Kaskazini, ambao hadi leo hutafuta asili zao. Wengi wao huanza na kitu kimoja walichorithi bila shaka, nacho ni jina. Hulifungua katika kamusi ya majina, wakalikuta limeorodheshwa chini ya ukoo fulani wa Nyanda za Juu za Uskoti, kisha wakahitimisha kwamba wao ni wa ukoo huo. Safari ya miaka 300 inamalizika kwa dakika chache.

Swali la makala haya ni kama jina linaweza kubeba mzigo huo. Tumechagua familia ya mtunzi wa muziki Edvard Grieg (1843–1907) kwa sababu nasaba yake inajulikana sana, imesimuliwa mara nyingi, na ina tarehe zinazowezesha simulizi kupimwa. Ukosoaji wetu hauilengi familia hiyo. Unalenga mazoea ya usomaji ambayo hata sisi watafiti wa majina katika eneo hili tunayo.

2. Simulizi na tarehe

Simulizi inayorudiwa katika maandishi mengi kuhusu Grieg inakwenda hivi: baada ya jeshi la wafuasi wa ufalme wa Stuart kushindwa katika vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, babu wa familia, Alexander Greig, aliikimbia Uskoti, akatangatanga, na hatimaye akatia nanga Bergen. Jina lake linahusishwa na ukoo wa MacGregor, ukoo ulioteswa na wafalme. Kwa hiyo msanii mkuu wa Norwei anakuwa chipukizi la mashujaa walioshindwa.

Ni simulizi tamu, lakini tarehe zake hazipatani. Alexander Greig alizaliwa mwaka 1739, katika Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Siku ya Culloden alikuwa mtoto wa takriban miaka saba. Alifika Bergen karibu mwaka 1770, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya vita hivyo. Mwaka 1779 alipata haki za uraia wa mji huo, akawa mfanyabiashara wa bidhaa za baharini. Tarehe hizi zinatuonyesha kijana aliyevuka Bahari ya Kaskazini kutafuta riziki katika njia ya biashara iliyokuwepo kwa karne nyingi baina ya pwani hizo mbili. Tena, mjukuu wake, aliyekuwa baba wa Edvard, alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Uingereza mjini Bergen. Utumishi huo hauthibitishi msimamo wa kisiasa wa babu, lakini hauipi nguvu picha ya familia ya wakimbizi wa Taji la Uingereza.

Mhakiki hana budi kuuliza kwa nini simulizi imedumu ingawa mtu yeyote anaweza kutoa 1739 katika 1746. Jibu letu ni kwamba jina ndilo lililoishikilia. Pindi msomaji alipokubali kwamba Greig maana yake ni MacGregor, historia yote ya mateso ya MacGregor ilihamia katika familia hii, na Culloden ikawa hatua ya asili katika hadithi. Tarehe zilikuja baadaye, zikasomwa kwa macho yaliyokwisha kuamini.

3. Etimolojia si nasaba

Kiisimu, Greig ni ufupisho wa Gregor au Gregory, jina lenye asili ya Kigiriki na maana ya mtu aliye macho, anayekesha. Lilienea Ulaya nzima pamoja na Ukristo kwa kuwa mapapa na watakatifu kadhaa walilitumia. MacGregor nalo ni "mwana wa Gregor", kwani neno *mac* katika Kigaeli cha Kiskoti lina maana ya mwana wa kiume, sawa na *bin* katika majina ya Waswahili. Binti katika Kigaeli hutumia *nic*.

Ni kweli, basi, kwamba Greig na MacGregor yana mzizi mmoja wa kiisimu. Hata hivyo, mzizi wa neno si mzizi wa watu. Gregor yeyote, mahali popote Uskoti, aliweza kuwa na wana walioitwa kwa jina lake, na jina hilo likafupishwa na kurithiwa. Karne ileile ya Alexander inatupa mfano wa pili. Samuel Greig, mzaliwa wa Inverkeithing katika Fife, aliingia katika jeshi la majini la Urusi mwaka 1764, akapanda hadi cheo cha amirali, na kufariki mwaka 1788. Mtu akiwaweka mfanyabiashara wa Bergen na amirali wa Urusi katika mti mmoja wa nasaba kwa sababu tu wote ni Greig waliohama, atakuwa ameandika etimolojia na kuiita historia.

Historia ya MacGregor wenyewe inazidi kututahadharisha. Baada ya mapigano ya Glen Fruin ya mwaka 1603, serikali ya Mfalme James VI ilipiga marufuku jina la MacGregor. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1661, ikarejeshwa mwaka 1693, na kufutwa kabisa mwaka 1774 tu. Katika miaka hiyo watu wa ukoo huo walijiita Drummond, Murray, Graham, Campbell na majina mengineyo. Rob Roy, maarufu kuliko wote, alitumia Campbell, jina la mama yake. James MacGregor, mhubiri aliyezaliwa Perthshire mwaka 1759 na kuhamia Pictou, Nova Scotia, mwaka 1786, alizaliwa wakati ambapo jina analokumbukwa nalo lilikuwa bado haramu, na jina lake kamili huandikwa hadi leo James Drummond MacGregor.

Sheria hiyo ilikata uhusiano wa jina na ukoo kwa pande zote mbili. Kuna MacGregor walioitwa Campbell, na kuna Campbell wasio na uhusiano wowote na MacGregor. Ng'ambo ya Atlantiki mambo yanakuwa mazito zaidi. Campbell ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Jamaica, kisiwa ambacho Waskoti wengi walimiliki mashamba ya miwa na watumwa. Huko jina moja linaweza kuashiria uzao, umilikaji, au uamuzi wa mtu aliyeachwa huru na kutakiwa kuwa na jina. Kamusi haiwezi kutofautisha hali hizo tatu.

Kwa hiyo ni lazima tukisome kwa makini kitabu ambacho watafiti wengi hukifungua kwanza, *The Surnames of Scotland* cha George F. Black, kilichochapishwa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1946. Black mwenyewe alikuwa Mskoti aliyehamia Marekani na kuitumikia maktaba hiyo. Ubora wa kazi yake ni kwamba haridhiki kutoa maana ya jina. Anaorodhesha watu waliotajwa kwa jina hilo katika hati za kale, pamoja na miaka yao. Udhaifu wake unatokana na ubora huohuo. Hati za kale ziliandikwa kwa ajili ya wenye ardhi, mashahidi na wadaiwa. Mvuvi na kibarua hawakutajwa. Tena, watu wanaofuatana katika kidahizo kimoja si lazima wawe wa damu moja. Kamusi inatoa historia ya neno, na msomaji ndiye anayekosea anapoigeuza kuwa historia ya nyumba yake.

4. Tahajia kama ushahidi

Huko Bergen jina liligeuka kutoka Greig kuwa Grieg. Badiliko la herufi mbili tu linaonekana dogo, lakini kwa mwanaisimu lina thamani kubwa kuliko hekaya ya Culloden. Norwei wakati huo ilikuwa chini ya Taji la Denmaki, na lugha ya maandishi ilikuwa Kidenmaki. Kwa msomaji wa lugha hiyo, *ei* ingetamkwa kama irabu unganifu, ilhali *ie* ilikuwa njia iliyozoeleka ya kuandika irabu ndefu *i*. Tahajia mpya inaonyesha mtu aliyetaka jina lake lisomeke na jirani, mteja na karani wa mji wake mpya.

Kuna jambo jingine. Wakati Alexander anahamia, Wanorwei wengi, hasa mashambani, hawakuwa na jina la kurithi. Mtu aliitwa kwa jina la babaye, likiwa na *-sen* kwa mwanamume na *-datter* kwa mwanamke, na mara nyingi likaongezwa jina la shamba alikoishi. Ilipofika mwaka 1923 ndipo sheria ilipoitaka kila familia iwe na jina moja la kurithi. Uthabiti wa jina Grieg ni alama ya tabaka la wafanyabiashara wa mjini. Ukifuatilia jina hili kwa urahisi kutoka kizazi hadi kizazi, unafaidi kumbukumbu za mji na mikataba ya biashara. Jirani yake wa mashambani, aliyekuwa na nasaba ndefu vilevile, anapotea kwa kuwa jina lilibadilika kila kizazi.

5. Nasaba iliyofichwa na jina

Kosa kubwa zaidi la kufuata jina liko kwa wanawake. Wanaotafuta chanzo cha muziki wa Edvard huenda moja kwa moja kwa Greig wa Uskoti. Hata hivyo, tukifuata wazazi badala ya jina, tunakuta kwamba John Grieg, mwana wa Alexander, alimwoa Maren Regine Haslund, binti wa Niels Haslund, kiongozi wa okestra mjini Bergen. Mama yake Edvard, Gesine Hagerup, alikuwa mpiga piano na ndiye mwalimu wake wa kwanza. Muziki uliingia katika nyumba hii kwa njia ya Haslund na Hagerup, majina mawili ambayo utafutaji wa "Grieg" hauyafikii.

Jina kamili la mtunzi, Edvard Hagerup Grieg, limehifadhi upande wa mama, lakini nalo linaweza kupotosha. Mke wake, Nina, alizaliwa Hagerup pia. Anayesoma majina tu hatajua kwamba Nina na Edvard walikuwa binamu. Itabidi arejee kumbukumbu za ubatizo na ndoa.

Uskoti ilitambua umuhimu wa jambo hili katika sheria. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulipoanza huko tarehe 1 Januari 1855, hati zilidai jina la mama la kabla ya ndoa. Kwa sababu hiyo mtafiti wa familia ya Kiskoti anaweza kutembea nyuma kwa miguu miwili. Kanuni yake ni rahisi: anza na mtu wa karibu zaidi mwenye hati, thibitisha wazazi wote wawili, kisha panda kizazi kimoja. Anayeanzia kwa shujaa wa mwaka 1603 na kushuka ataishia mahali alipotaka kufika.

6. Istilahi yetu na athari zake

Kiswahili kimetafsiri dhana hii kwa "jina la ukoo", na hapa uhakiki unatugeukia sisi. Istilahi hii inatangaza jibu kabla ya swali kuulizwa: inasema kwamba jina la mwisho ni la ukoo. Kwa Grieg dai hilo halijathibitishwa. Je, kwetu hali ikoje?

Katika Buganda, kwa desturi, mtoto hupewa jina kutoka hazina ya majina ya ukoo wake. Ndugu wa baba mmoja huweza kuwa na majina tofauti, na bado kila jina likautaja ukoo. Rwanda na Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ukoo upo na unajulikana, lakini haumo katika jina. Katika pwani ya Waswahili, *bin* na *binti* humtaja baba. Fomu yenye nafasi moja ya "jina la ukoo" huwauliza watu hawa wote swali moja, na kupata majibu ya maswali matatu tofauti. Afisa anayetumia jibu hilo kuamua nani ni ndugu wa nani, au nani ni mwenyeji wa wapi, anarudia kosa la wasimulizi wa Culloden. Tofauti ni kwamba kosa lake linaweza kumnyima mtu kitambulisho au urithi.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, "jina la familia" litumike kwa jina linalorithiwa katika hati, na "jina la ukoo" libakie kwa jamii ambazo jina hutaja ukoo kwa kweli. Pili, fomu ziulize majina ya baba na mama waziwazi badala ya kuyakisia kutokana na jina la mwombaji. Tatu, rajisi zihifadhi tahajia zote za jina moja, kwa kuwa karani wa upande huu wa mpaka na wa upande ule huandika kwa otografia mbili, kama zilivyokuwa Aberdeenshire na Bergen. Nne, jina peke yake lisikubaliwe kuwa ushahidi wa asili ya mtu.

7. Hitimisho

Alexander Greig hahitaji Culloden. Tukimwondolea vita asivyopigana na ukoo usiothibitishwa, anabaki mhamiaji aliyefanya biashara, akabadili herufi mbili ili majirani waweze kulisoma jina lake, na kuacha wana waliooa katika nyumba za wanamuziki. Hiyo ni nasaba inayoweza kuthibitishwa. Watu wa eneo letu wanaovuka mipaka wakiwa na majina yanayoandikwa upya katika kila kituo wanastahili kusomwa kwa uangalifu huohuo.