Istilahi "Madhara" katika Maelezo ya Dawa za Moyo

Miongoni mwa istilahi za kitabibu zitumikazo bila kupimwa, neno "madhara" lastahili kuhakikiwa. Katika maelezo mengi ya dawa yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, kila jambo litokeapo bila kukusudiwa huitwa madhara. Wafasiri wengine, kwa kuliepuka neno hilo, huandika "athari za upande". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi zote mbili hazimfai mgonjwa, ilhali lugha yetu ina maneno bora.

Tuchukue mfano wa enalapril, dawa itumiwayo sana kutibu presha ya kupanda na moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Dawa hii hukizuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu. Mishipa hulegea, na moyo hupata nafuu. Lakini kimeng'enya hicho hicho huvunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Kinapozuiwa, bradikinini hulimbikizana, na baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu. Ni dhahiri, basi, kwamba kikohozi hicho hakitoki "upande". Chatoka katika kazi ile ile iliyoleta nafuu. Isitoshe, mgonjwa wa presha asikiapo neno "upande" hukumbuka kupooza upande mmoja wa mwili. Istilahi iliyotakiwa kufafanua imezua hofu.

Kasoro ya "madhara" ni nzito zaidi, kwa kuwa neno hili halitofautishi dogo na kubwa. Kikohozi huitwa madhara. Kuvimba midomo, ulimi na koo, ambako huwapata watu wachache, chini ya mmoja katika kila 100, lakini kwaweza kuziba pumzi, nako huitwa madhara. Mgonjwa mwenye kikohozi huogopa, akaacha dawa kimyakimya, ilhali angalimweleza daktari angalibadilishiwa, na kikohozi kikaisha baada ya wiki chache. Mwenye kuvimba ulimi naye hudhani ni madhara ya kawaida, akangoja hadi kesho. Wote wawili wamesoma neno moja, na wote wawili wamepotoshwa.

Wahudumu wa uzazi wa mpango nchini Tanzania wamekwisha kuonyesha njia. Wao husema "maudhi madogo madogo" kwa mambo yasumbuayo pasipo kudhuru, na "dalili za hatari" kwa yale yanayomlazimu mtu kukimbilia hospitali. Hayo ni maneno yaliyopimwa vyumbani mwa kliniki, wala hayakubuniwa mezani.

Twapendekeza, basi, kwamba kichwa cha jumla kiwe "matokeo yasiyokusudiwa". Chini yake, kikohozi kikavu kiwekwe katika maudhi, na kuvimba ulimi katika dalili za hatari. Neno "madhara" libaki kwa dhara halisi, kama vile dawa hii inavyoweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni, ndiyo maana haipewi mama mjamzito.

Huenda ikasemwa kwamba istilahi yapasa kuwa fupi, na kwamba hapa tumeleta maneno mengi mahali pa moja. Ufupi ni sifa njema, lakini hautangulii uwazi. Mfasiri wa maelezo ya dawa hana budi kujiuliza si tu kama neno lake lalingana na lile la kigeni, bali pia mgonjwa atafanya nini akishalisoma.