Ngumi Isiyofika

Ngumi bora kuliko zote katika sinema haimfikii mtu. Inatoka begani kwa nguvu zote, inakata hewa, inapita upana wa kidole kimoja mbele ya taya la adui. Adui, ambaye hajaguswa hata kidogo, anageuza shingo, anapepesuka, anavunja meza kwa mgongo. Sisi tuliobanana kwenye mabenchi tunapiga kelele, maana tumeona mtu kapigwa. Kilichotokea mbele ya kamera ni kinyume chake: watu wawili walikuwa wakitunzana.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, na ni haki kuusifu nikiwa Mchesi, kwa sababu majaji wake wakali wako hapa. Mchesi ni mtaa wa biashara katika jiji la Lilongwe. Kichewa hapa kinapishana na Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe na Kiswahili kilichotoka Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo. Wengi wa wenye Kiswahili hicho wana mguu mmoja mtaani na mwingine Dzaleka, kambi iliyoko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza. Mwaka 1994 ikawa makao ya wakimbizi, na leo mahali palipoandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 panaishi zaidi ya 50,000.

Sinema husafiri kwa flashi. Malawi haikuwa na televisheni yake ya taifa hadi mwaka 1999, kwa hiyo wengi walijifunza kutazama filamu katika vibanda vya vidiyo, bega kwa bega na wasiowajua. Siku hizi kuna vibanda vya kunakili ambavyo vibao vyake vimeandikwa burning centre. Kijana wa kompyuta hakuulizi jina la filamu; anakuuliza unamtaka nani. Van Damme? Jet Li? Jackie Chan? Jina la staringi ndilo rafu ya maktaba yake.

Afrika Mashariki iliwatengenezea mastaa hawa sauti ya pili. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, aliyeketi na kipaza sauti akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina mapya na hasira za kwetu. Nairobi yupo DJ Afro. Wanyarwanda wana agasobanuye yao, Kampala ina wasimulizi wake wa Kiganda. Nawaheshimu mafundi hao wa maneno, lakini sikiliza pigano linapoanza: msimulizi mwenye akili hupunguza maneno, akabaki na miguno na mshangao. Anajua kwamba teke halihitaji mkalimani. Katika ukumbi wenye lugha sita, dakika tano za mapigano ndizo dakika ambazo hakuna mtu anayemwuliza jirani yake, "Amesema nini?"

Basi tuutazame ufundi wenyewe. Kamera huwekwa nyuma ya bega la mpigaji au la mpigwaji, ili ngumi, taya na lenzi vikae kwenye mstari mmoja na ule upenyo wa kidole usionekane. Sauti ya pigo huongezwa baadaye studioni. Lakini kamera na sauti haziwezi kuokoa pigano ambalo mpigwaji wake hajui kazi. Akigeuza kichwa mapema, tunajua alikuwa anaisubiri ngumi. Akichelewa, anaonekana gogo. Ni yeye anayetuambia ngumi ilikuwa nzito kiasi gani, kwa jinsi goti lake linavyolegea na pumzi inavyomtoka. Mpigaji hutoa umbo la pigo tu. Uzito wake huwekwa na anayepigwa.

Akishapigwa, lazima aanguke, na kuanguka ni elimu. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Uzito unagawanywa kwenye mkono mzima, paja na upande wa mgongo. Ole wake anayeupokea wote kwa kiwiko. Mara nyingine mguu hugusa kweli, hasa katika filamu za Hong Kong, lakini hugusa kwa kipimo, juu ya kifua kilichofungwa kinga ndani ya shati, baada ya mazoezi mengi. Na kabla ya pigo kuna macho. Mpigaji humtazama mwenzake nukta moja kumwuliza kama yuko tayari, na lile tunaloliona kuwa jicho la chuki ni swali la upole.

Bruce Lee aliujua ufundi huu, na Marekani ilichelewa kumwelewa. Alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akalelewa Hong Kong, akarudi Marekani kijana. Mwaka 1966 alipewa nafasi ya Kato katika The Green Hornet: dereva na mtumishi wa staringi, uso umefunikwa barakoa. Inasimuliwa kwamba aliombwa apunguze kasi kwa kuwa kamera haikuweza kumfuata. Hollywood ilipokosa la kumpa, alikwenda Hong Kong, na mwaka 1972 akaongoza mwenyewe The Way of the Dragon. Tazama pigano lake na Chuck Norris katika magofu ya Colosseum, Roma. Kamera inakaa mbali kiasi cha kuonyesha miili mizima kuanzia nywele hadi nyayo. Wawili hao wanajinyoosha kwanza, taratibu, kila mmoja upande wake, kama wafanyakazi wanaoanza zamu. Mwishoni Norris anakufa, na Lee anachukua vazi la kareti na mkanda wa marehemu, anamfunika nao. Hata ndani ya hadithi, mshindi anamwinamia aliyemwangusha.

Mwaka uliofuata Warner Bros. walimpa Enter the Dragon. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla filamu haijafika kwenye kumbi za Marekani. Vijana wa Dar es Salaam na Zanzibar wa miaka ile walizijaza kumbi kumwona, na mtaani wakajipa majina yake.

Waliomfuata walikutana na mlango uleule. Jackie Chan alilelewa katika shule ya opera ya Kichina iliyomfunza sarakasi tangu utotoni. Jaribio lake la kwanza la Marekani, The Big Brawl la 1980, halikuwaka. Kwao Hong Kong alikuwa na kikosi chake cha waangukaji na uhuru wa kurudia pigano moja kwa wiki kadhaa hadi liive; Marekani ilitaka ratiba. Ilimbidi arudi kwa njia ya filamu ya nyumbani, Rumble in the Bronx, iliyoingia kumbi za Marekani mwaka 1996. Humo alivunjika kifundo cha mguu, akaendelea kuigiza akiwa amevaa juu ya plasta soksi iliyochorwa ifanane na kiatu. Miaka miwili baadaye Rush Hour iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Mwaka huohuo wa 1998 Jet Li, aliyekuwa shujaa wa China tangu Shaolin Temple ya 1982, aliingia Hollywood kwa Lethal Weapon 4. Alipewa nafasi ya adui. Van Damme alikuwa ametangulia kutoka Ubelgiji bila Kiingereza cha maana, akaishi kwa vibarua hadi Bloodsport ilipomtoa mwaka 1988. Watu wa Dzaleka hawahitaji kuelezwa maana ya kufika nchi ya watu na ujuzi wako wote mkononi, ukapewa kazi ya kufungua mlango.

Ila Hollywood ilikuwa na dhambi nyingine, nayo ni ya kifundi. Ililipia majina ikabana muda. Staringi asiyejua kupigana akipewa wiki chache za mazoezi, mhariri ndiye anayempigania: mkato kwa kila ngumi, kamera inatikisika, mtazamaji hajui mkono ni wa nani. Katika Taken 3 ya mwaka 2014, Liam Neeson anaruka uzio mmoja kwa mikato kumi na kadhaa ndani ya sekunde chache. Kibandani hila hiyo haipiti. Vijana wa Mchesi wanacheka, na wanachokidai ni haki: tuonyesheni mtu mzima, tuone mguu ukitoka na mwenzake akianguka, bila kutufunga macho katikati. Walipotaka kufanya vizuri, Wamarekani waliweza. Kwa The Matrix ya 1999 walimleta Yuen Woo-ping kutoka Hong Kong, akawafunza Keanu Reeves na wenzake kwa takriban miezi minne kabla ya kamera kuwashwa.

Pia kuna siku ambazo ngumi ilifika. Wakati wa kutengeneza Cyborg, kisu cha kuigizia mkononi mwa Van Damme kilimpata jichoni mwigizaji mmoja wa nafasi ndogo, naye akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Mwaka 1993 mahakama katika jimbo la North Carolina iliamuru alipwe fidia ya karibu dola nusu milioni. Mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo, tarehe 31 Machi, Brandon Lee, mwana wa Bruce, alipigwa risasi kwa bastola ya kuigizia wakati wa kurekodi The Crow. Alikufa akiwa na miaka 28. Ajali hizi ndizo zinazotufunulia thamani ya kile tusichokiona katika filamu nyingine elfu, pale ambapo kisu kilipita pembeni kama kilivyoahidi.

The Crow ilimalizwa, kwa sehemu, na mtu aliyekuwa badala ya marehemu mbele ya kamera. Jina lake Chad Stahelski, aliyefanya mazoezi katika chuo cha Dan Inosanto, mwanafunzi na rafiki wa Bruce Lee. Baadaye akawa badala ya Keanu Reeves katika The Matrix, akianguka maanguko ambayo sifa zake zilikwenda kwa mwingine. Mwaka 2014 aliketi kwenye kiti cha mwongozaji, akatengeneza John Wick na Reeves huyohuyo. Akaisogeza kamera nyuma, akaiacha itulie, akaonyesha miili mizima. Mwangukaji aliporithi kiti, pigano lilirudi kuonekana. Na Akademia inayotoa tuzo za Oscar, ambayo katika karibu miaka mia ya tuzo hizo imewatuza mpaka washonaji na wapaka rangi za uso, ilitangaza mwaka 2025 kwamba ubunifu wa mapigano na maanguko utakuwa na tuzo yake, kuanzia na filamu zitakazotoka mwaka 2027.

Huku kwetu ufundi huu haukusubiri tuzo wala fedha. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo kwa kauli yake hazikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu. Mwalimu wa kung fu anayejiita Bruce U, yaani Bruce wa Uganda, hufundisha watoto wa mtaa mateke na maanguko juu ya udongo mtupu. Mtazamaji wa mbali anacheka damu ya rangi na helikopta za kompyuta. Mwenye jicho anaona kitu kingine: watu wanaojua kupokea pigo. Hiyo haiigwi kwa kompyuta.

Wazee wa Dzaleka wana neno lao, nalo si la kupuuzwa. Mzee aliyekimbia vita ya kweli anauliza: mjukuu wangu, kwa nini unalipa kutazama kile nilichokimbia? Jibu rahisi ni kwamba ni mchezo tu, lakini jibu hilo linamdharau mzee na linaudharau mchezo. Nadhani kijana anavutwa na tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Vita aliyosimuliwa nyumbani haikuwa na mazoezi wala jicho la kuuliza kama uko tayari. Katika maisha ya mkimbizi mapigo mengi huja hivyo. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, maduka mengi ya Lilongwe yalifungwa na wenyewe wakaanza upya Dzaleka. Tunasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kwenye sinema iliyotengenezwa vizuri tembo wanapigana, nyasi zinasimama, na tembo wenyewe wanakwenda kula chakula cha jioni pamoja.

Tena kijana anayejaribu kuiga pigano la filamu mbele ya simu ya rafiki yake anakutana na sheria ambayo vita haina. Akimwumiza mwenzake, pigano limekufa na rafiki hatarudi kesho. Lazima ajue urefu wa mkono wake, apunguze kasi hadi mwenzake aielewe, akubali kuanguka zamu yake ikifika. Anayetaka kushinda kila mara hapati wa kucheza naye. Sijui somo la amani lililowahi kuhubiriwa kambini ambalo vijana walilirudia kwa hiari mara nyingi hivyo.

Kwa hiyo tunapobishana Mchesi nani alikuwa mkali zaidi, Bruce au Jet Li, Van Damme au Jackie Chan, mimi huuliza swali lingine: ni wangapi walianguka mbele yake, wakainuka, wakajipangusa vumbi na kurudi kwao wazima? Kwa kipimo hicho ubishi hauishi, ila unabadilika. Inabidi turudishe filamu nyuma, na safari hii tumwache staringi, tumtazame yule anayeanguka.