Sabufa ndani ya Land Cruiser: kazi iko kwenye waya

Redio ya gari iliyoandikwa wati 50 mara 4 haidanganyi moja kwa moja, ila ukweli wake haumfai msikilizaji. Ndani yake kuna kipande kimoja cha kielektroniki, kidogo kuliko kibiriti, kinachosukuma spika zote nne kwa umeme uleule wa batri bila kuupandisha. Injini ikizunguka, umeme huo huwa volti 14.4 hivi, na spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa 4, unapata 51.8. Hiyo ndiyo 50 ya kwenye kibandiko. Lakini hesabu hiyo inadhani spika inapewa volti zote 14.4 kila sekunde, mbele na nyuma, wimbi lisipande wala lisishuke. Huo si muziki, ni mkwaruzo. Wimbi la sauti safi hupanda na kushuka kwa mviringo, na kwa volti hizohizo halivuki wati 26, tena kwenye karatasi. Ukiondoa kinachopotea ndani ya kipande chenyewe, mkononi zinabaki 18 au 20.

Kwa taarifa za Radio Okapi, kwa kwaya, kwa gitaa la rumba, wati 20 zinatosha na kubaki. Zinapungukia kwenye besi. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti nzito: Fletcher na Munson waliipima tabia hiyo Marekani na kuichapisha mwaka 1933, na tangu hapo hakuna aliyeipindua. Ili besi ya mitetemo 50 kwa sekunde isikike sawa na sauti ya mwimbaji, inahitaji nguvu kubwa mno kuliko hiyo sauti. Juu ya hapo, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7, na spika ya mlangoni yenye upana wa kiganja haisukumi hewa ya kutosha kulitoa. Halafu kuna barabara. Mngurumo wa injini ya dizeli na wa magurudumu kwenye udongo mwekundu kati ya Kasongo na Kabambare, huko Maniema nchini Kongo, uko kwenye eneo hilohilo la sauti nzito, kwa hiyo unaifunika besi na kuiacha sauti nyembamba peke yake. Ndiyo maana dereva huongeza sauti, redio ikaanza kukwaruza, na abiria wakaona spika zimeharibika.

Ampli hutatua jambo hilo kwa namna moja tu: huchukua volti 12 za batri, huzikatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, huzipitisha kwenye transfoma ndogo, na kuzitoa zikiwa 30 au zaidi. Hakuna muujiza hapo. Nguvu inayotoka kwenye spika imeingia kwanza kupitia waya wa batri, ikiwa na nyongeza ya ile inayopotea kama joto. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kuongeza ampli na sabufa ni kazi ya umeme kwanza, muziki baadaye. Na mwenye fedha kidogo azimalizie kwenye waya, fyuzi na kipimo kabla ya kuzipeleka kwenye wati zilizoandikwa kwenye boksi. Mahali kama Kasongo, ambako kifaa kilichoungua hakina duka la jirani la kukirudisha, mpangilio huo wa matumizi ndio unaoamua kama muziki utadumu mwaka au wiki.

Swali la kwanza basi halihusu sabufa hata kidogo: gari hili ni la volti ngapi? Land Cruiser mbili za mfululizo wa 70 zinaweza kusimama bega kwa bega, rangi moja, injini moja ya dizeli, kila moja ikiwa na batri mbili chini ya boneti, na bado zikawa magari mawili tofauti kabisa kwa fundi wa umeme. Kwenye moja, batri zimeungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na gari linabaki la volti 12 lenye akiba kubwa. Kwenye nyingine, chanya ya batri moja imeungwa na hasi ya mwenzake, na gari ni la volti 24, kama yalivyo malori ya Fuso yanayopandisha mizigo Maniema. Dizeli nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za aina hii ya pili. Ampli ya kawaida ya gari imeundwa kwa volti 12. Ukiipa 24, ama itajizima kwa kujilinda, ama itatoa moshi. Mita ya umeme hulijibu swali hilo kwa sekunde tatu, na kuhesabu batri kwa macho hakulijibu.

Hapa mafundi wengi wa barabarani wana jawabu la haraka. Wanasema lori la volti 24 ni batri mbili za 12, basi chukua umeme kwenye moja, ile ya chini, na kazi imekwisha. Ampli itawaka kweli, na muziki utalia. Kasoro haionekani siku hiyo. Alternata ya lori hilo hutazama jumla ya batri mbili na kuzijaza kama kitu kimoja. Haijui kwamba moja inanyonywa na nyingine imekaa. Batri inayonyonywa haijai kamwe, ile nyingine hujazwa kupita kiasi na kuchemka maji yake, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Lawama huwa ni ya batri, kwamba ni feki. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 chenye ampea za kutosha, na ndiyo, kinaongeza gharama. Batri mbili za lori zinagharimu zaidi.

Sasa waya. Tuchukue ampli ya wati 300 za kweli, ya aina ya zamani inayopata joto sana: inapopiga kwa nguvu zake zote inaweza kuvuta ampea 40. Kutoka batri hadi nyuma ya gari ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, ambao mtu huuona mnene kwa sababu ni mnene kuliko wa taa ya nyumbani, utapoteza karibu volti 0.9 njiani kwa ampea hizo. Wa milimita 16 za mraba utapoteza 0.2 tu. Volti 0.9 kati ya 13.8 zinaonekana kidogo, lakini hupotea wakati ule ule ngoma inapopigwa, ndipo besi inapokuwa laini kama maandazi yaliyolowa chai, taa za mbele zikiyumba kwa mdundo. Na kuna mtego sokoni: waya unaong'aa rangi ya shaba ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa. Unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba yenyewe. Ukwangue kwa kisu; ukiwa mweupe ndani, nunua mnene zaidi au uache.

Upande wa hasi husahaulika kwa sababu bodi ya gari inadhaniwa ni waya wa bure. Ni wa bure kweli, mradi umeguswa. Bolti iliyofungwa juu ya rangi au kutu haijagusa kitu. Mahali pakwanguliwe mpaka chuma king'ae, waya uwe mfupi, usizidi nusu mita, na uwe na unene uleule wa waya wa chanya. Ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ambao wengi huuita ubovu wa ampli, mara nyingi hutokana na redio na ampli kushika hasi mahali pawili pasipolingana.

Fyuzi nayo ina kanuni moja inayokiukwa kila siku: inalinda waya, si ampli. Kwa hiyo mahali pake ni karibu na batri, ndani ya sentimita 45 hivi, hata kama ampli yenyewe ina fyuzi zake mgongoni. Waya usio na fyuzi mwanzoni, ukisuguliwa na ukingo wa bati kwa mitikisiko ya mashimo mpaka ganda likatoboka, utapitisha mamia ya ampea kwenye bodi ya gari na kuwaka wote tangu mwanzo hadi mwisho. Katika magari ambayo mara nyingi hubeba madumu ya mafuta pamoja na watu, sioni kosa kubwa kuliko hili katika kazi nzima. Kipande cha mpira mahali waya unapopita kwenye tundu la bati, fyuzi moja kubwa: hivyo ndivyo vitu vya bei ndogo kabisa kwenye orodha.

Baada ya umeme ndipo tunafika kwenye redio yenyewe, na hapa pana pingamizi lenye uzito. Kwa nini kuhangaika na redio iliyokuja na gari, isiyo na tundu la kutolea sauti kwenda ampli? Nunua nyingine. Kwa faida ya sauti peke yake, pingamizi halina nguvu kubwa: ampli nyingi zina mlango wa kupokea sauti kutoka waya za spika, na zile zisizo nao hutumia kifaa kidogo cha kushusha kiwango hicho. Sharti ni moja. Katika redio za siku hizi waya zote mbili za spika ziko hai, kila moja ikiwa na kama nusu ya volti za batri, kwa hiyo hasi ya spika isiunganishwe kamwe na bodi. Anayefanya hivyo anaiunguza redio kabla ya kusikia wimbo. Volti hizohizo zina faida, kwani ampli nyingine huzitumia kujua kwamba redio imewashwa, nazo zikawaka bila waya wa ziada. Ila lazima nikubali upande mmoja wa pingamizi. Redio za magari yaliyotumika Japani hushika FM ya 76 hadi 90, au 95 kwa za karibuni, wakati stesheni zetu zimetawanyika hadi 108. Mwenye redio kama hiyo ana sababu nzuri ya kuibadilisha, na sababu hiyo haihusiani na besi.

Boksi la sabufa ni eneo ambalo fundi seremala wa Kasongo ana nafasi nzuri kuliko muuzaji wa mbali. Maboksi ya dukani hutengenezwa kwa mbao za unga wa maranda uliogandishwa kwa gundi, na unyevu wa Maniema huyavimbisha kingo kama mkate. Plaiwudi nzuri ya milimita 18, iliyoungwa kwa gundi na skrubu, pembe zote zikazibwa hewa, itadumu zaidi. Kwa spika ya inchi 12, boksi lililofungwa la lita 30 au 35 ni kiasi salama. Boksi lenye tundu hutoa kelele zaidi, lakini hesabu yake haina msamaha, na vumbi huingia humo moja kwa moja.

Kisha kile kitufe cha geini. Hakiongezi nguvu, kazi yake ni kulinganisha ampli na redio. Kikifunguliwa mpaka mwisho, vichwa vya mawimbi hukatwa, na sabufa huungua ikiwa haijafikia hata sauti iliyokusudiwa. Kichujio kinachoiachia sabufa besi peke yake kiwekwe kwenye mitetemo 80 kwa sekunde hivi, geini ipandishwe polepole mpaka besi iungane na spika za mbele, na hapo iachwe.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa kwenye nchi ambako barabara yenyewe haipitiki msimu wa mvua. Wanasahau kwamba gari lenye sauti ni chombo cha kazi: hutangaza chanjo, mikutano ya kampeni, ibada, misiba. Wakongo walijua kuchota sauti kwenye vyuma vya gari zamani. Kundi la Konono Nambari 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, lilijipatia sumaku za vinasa sauti vyake kwenye mabaki ya magari, likapitisha likembe, ile ala ya vidole gumba, kwenye spika za tarumbeta, na albamu ya Congotronics ikaupeleka mlio huo duniani mwaka 2004. Ila niongeze jambo kwa wanaotangaza: maneno ya mtu hayako kwenye besi. Wati 30 kwenye spika ya tarumbeta juu ya gari zitafika mbali kuliko wati 500 za sabufa ndani yake. Anayenunua sabufa ili kijiji kizima kisikie tangazo la chanjo amenunua kifaa kisicho chake.

Kuhusu kupiga muziki injini ikiwa imezimwa, hesabu ni fupi. Muziki wa kawaida huvuta wastani wa kama ampea 8. Batri ya ampea-saa 70 isishushwe chini ya nusu. Hiyo ni saa nne. Ya tano ni ya kusukuma gari.