Wakili na Ghala: Tathmini ya Maisha na Maandishi ya Amon J. Nsekela

1. Utangulizi

Wilaya ya Rungwe imelitolea taifa walimu, wachungaji, wanasiasa na watumishi wengi wa serikali. Miongoni mwao Amon James Nsekela ana nafasi ya pekee, kwa sababu mbili. Kwanza, alipitia karibu kila aina ya utumishi wa umma: ualimu, utawala, ubunge, ubalozi na uongozi wa benki. Pili, tofauti na wengi wa rika lake, aliandika. Alituachia vitabu, na kwa hiyo alituachia pia namna ya kumpima.

Katika makala hii hatukusudii kumsifu wala kumhukumu. Tunakusudia kuuliza swali moja ambalo mwanafunzi wa theolojia hawezi kulikwepa: mtu aliyekabidhiwa mali ya wengi anawajibika kwa nani? Hoja yetu ni kwamba Nsekela mwenyewe alilitaja neno la kumpimia, yaani kuwajibika, lakini neno hilo linadai mengi kuliko mfumo alioutumikia ulivyoweza kutoa.

2. Njia ya Mtumishi

Nsekela alizaliwa mwaka 1930. Alisoma katika Shule ya Wilaya ya Rungwe, kisha Malangali na Tabora, na baadaye Makerere alikopata stashahada ya ualimu. Tangu mwaka 1955 hadi 1957 alifundisha katika Shule ya Kati ya Rungwe, halafu akaenda kufundisha Shule ya Sekondari ya Alliance. Mwaka 1960 aliingia katika utumishi wa serikali akiwa afisa wa wilaya huko Moshi. Mwaka 1963, miaka mitatu tu baadaye, alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje na Ulinzi. Mwaka uliofuata alihamia Wizara ya Biashara, na mwaka 1966 akawa Katibu Mkuu wa Hazina.

Kasi hiyo isitushangaze. Nchi changa ilikuwa na wasomi wachache, na kila aliyehitimu alitwikwa mzigo kabla mabega yake hayajakomaa. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata benki za kibiashara zikataifishwa, Nsekela alikuwa na umri wa miaka 37. Ndiye aliyekabidhiwa Benki ya Taifa ya Biashara, iliyochukua mahali pa Barclays, Standard, National and Grindlays na nyinginezo. Wageni waliokuwa wakiziendesha benki hizo waliondoka kwa wingi. Kwamba milango ya benki iliendelea kufunguliwa na vitabu vya hesabu vikaendelea kuandikwa ni jambo linalostahili heshima, na mwanahistoria wa haki hatalisahau.

Kati ya mwaka 1973 na 1975 alikuwa pia mbunge. Mwaka 1974 alipelekwa London kuwa Balozi wa Tanzania, akakaa huko hadi mwaka 1981. Miaka hiyo haikuwa ya sherehe. Suala la Rhodesia lilikuwa mikononi mwa Uingereza, na Mwalimu Nyerere alikuwa mwenyekiti wa Nchi za Mstari wa Mbele. Kwa hiyo ofisi ya Tanzania mjini London ilikuwa mahali pa kazi nzito hadi mkutano wa Lancaster House ulipomalizika Desemba 1979. Wakati huohuo nchi hizo zilikuwa zikitafuta njia ya kupunguza utegemezi wao kwa Afrika Kusini ya makaburu. Zilikutana Arusha Julai 1979, na Lusaka Aprili 1980 zikaunda SADCC, ambayo mwaka 1992 iligeuka kuwa SADC. Nsekela ndiye aliyehariri kitabu kilichokusanya hoja za mikutano hiyo, kikachapishwa London mwaka 1981. Mwaka huohuo alirudi nyumbani, akaiongoza tena Benki ya Taifa ya Biashara.

3. Maandishi Yake

Ukiyapanga maandishi ya Nsekela kwa miaka, utaona safari ya fikra. Mwaka 1965, akiwa Katibu Mkuu, alitoa Minara ya Historia ya Tanganyika. Mwaka 1973 kilifuata Demokrasi Tanzania. Vyote viwili ni vya Kiswahili, na jambo hili si dogo: mkuu wa wizara aliona kwamba historia na siasa ya nchi ziandikwe kwa lugha ya wenye nchi. Mwaka 1976, pamoja na A. L. Nhonoli, alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya historia ya huduma za afya Tanzania Bara, nacho kikabeba maneno ya Kiswahili katika jina lake: Tumetoka Mbali. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake, nacho cha Kiingereza, juu ya ujamaa na uwajibikaji wa kijamii katika nchi inayoendelea.

Majina haya yenyewe yanafundisha. Mnara huonekana toka mbali, na aliye juu ya mnara huona nchi nzima, lakini haoni uso wa mtu mmojammoja. Tumetoka Mbali ni sauti nyingine: msemaji anajihesabu miongoni mwa waliotembea. Ndipo, baada ya minara na baada ya safari, mwandishi anafika kwenye uwajibikaji. Mtu aliyekuwa ameshika mali ya taifa zima aliona kwamba kumiliki kwa pamoja hakutoshi, na kwamba lazima pawe na kutoa hesabu. Hili ndilo jambo bora kabisa katika urithi wake wa fikra.

Hata hivyo, hapa pana pungufu linaloonekana katika mpangilio uleule. Vitabu vya Kiswahili ni vya historia na demokrasia. Kitabu cha uwajibikaji, ambacho mkulima wa Rungwe angekihitaji kuliko vingine vyote ili ajue namna ya kumdai hesabu mwenye benki, kiliandikwa kwa lugha asiyoisoma. Aliyestahili kudai hesabu hakupewa maneno ya kudaia.

4. Yusufu na Ghala

Wahubiri wetu hupenda kumfananisha mtumishi mkuu wa serikali na Yusufu kule Misri. Ulinganisho huu ni mzuri, lakini kwa kawaida tunauishia katikati. Twasoma Mwanzo 41, ambapo kijana mwenye hekima anaweka nafaka ghalani na kuokoa maisha ya watu. Tukifika hapo tunafunga kitabu. Hatufiki sura ya 47. Huko watu wanakuja kwa Yusufu kwanza na fedha, kisha na mifugo, na mwishowe na mashamba na miili yao wenyewe, hata nchi yote ikawa ya Farao. Wakili alikuwa mwaminifu, hakuiba hata punje. Lakini ghala lilikuwa moja, ufunguo ulikuwa mmoja, na uaminifu wake wote ulielekea juu, kwa Farao.

Mkulima wa kahawa wa Rungwe aliuona mfano huo kwa namna yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikachukua kazi yao. Mamlaka hizo zilikopa Benki ya Taifa ya Biashara ili kununua mazao. Mkopo ulipochelewa, malipo ya mkulima yalichelewa. Mamlaka iliposhindwa kulipa deni, mkulima hakuulizwa, ingawa jasho lake ndilo lililokuwa dhamana. Vyama vikuu vilirudishwa miaka ya 1980, lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 sehemu kubwa ya mikopo ya benki hiyo kwa ushirika, bodi za mazao na mashirika ya umma ilikuwa hailipiki. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki za binafsi. Mwaka 1997 benki ikagawanywa, na mwaka 2000 sehemu iliyobaki na jina la zamani ikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini.

Sehemu nyingine, yaani NMB, ndiyo iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa zake iliuzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Msomaji wa Kilutheri na atafakari hapa. Rabobank ilitokana na vyama vya akiba na mikopo vya wakulima, vilivyoiga mfano wa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti wa Ujerumani, ambaye katika karne ya 19 aliwafundisha wakulima maskini kudhaminiana na kusimamia fedha zao wenyewe. Wakulima wa Uholanzi waliachiwa ushirika wao, nao ukakua hata kuja kununua hisa kwetu. Ushirika wetu ulivunjwa kwa amri toka juu, kwa jina la wakulima walewale.

Hatusemi kwamba kosa hili lilikuwa la Nsekela. Vita vya Uganda, bei ya mafuta, kushuka kwa bei za mazao na maamuzi ya Chama yalikuwa na nguvu kuliko mtu mmoja. Tunasema tu kwamba wakili mwaminifu ndani ya mfumo usiotoa hesabu kwa walio chini hawezi kwa uaminifu wake peke yake kuuponya mfumo huo.

5. Wito na Hesabu

Katika waraka wake wa mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, Luther anafundisha kwamba mtawala Mkristo hajitumikii mwenyewe. Ofisi yake ni kwa ajili ya jirani. Na katika Katekisimu Kubwa, akifafanua amri ya saba, anapanua maana ya wizi hata imguse mtumishi anayeacha mali ya bwana wake iharibike kwa uzembe. Tukiyaunganisha mafundisho haya mawili, tunapata kipimo kamili: cheo ni mali ya jirani, na jirani ana haki ya kuuliza.

Kanisa letu limezoea kuhubiri nusu ya kwanza. Tunawaombea viongozi wawe waaminifu, nasi tunafanya vema. Lakini mara chache tunamfundisha Mkristo wa kawaida kwamba kuuliza hesabu si uasi wala utovu wa adabu, bali ni sehemu ya wito wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, tunajua hali ya vitabu vya fedha katika sharika na dayosisi zetu. Hatuwezi kuinyoshea kidole benki ya taifa wakati mhazini wa usharika anasoma taarifa ya mwaka kwa dakika tano, na mzee wa kanisa anayeuliza swali anaitwa mchochezi.

6. Hitimisho

Nsekela anastahili kusomwa katika vyuo vyetu, na hasa na wanafunzi watakaotumwa Tukuyu, Mwakaleli na Itete. Alifanya kazi ngumu katika wakati mgumu, na alikuwa na ujasiri wa kuandika neno kuwajibika akiwa bado ofisini. Tunapendekeza neno hilo lifundishwe kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa pia, mpaka mama anayeuza ndizi na mkulima wa chai walijue kuwa ni lao. Pia, mchungaji anapoombwa kuhubiri kwenye maziko ya mkubwa aliyerudishwa nyumbani, asiridhike na orodha ya vyeo. Awaulize wazee wa kijiji kama kuna mtu mdogo aliyewahi kumwuliza marehemu swali gumu akajibiwa, kisha ayahubiri waliyomwambia.