Kuijua Speki Nzuri kwa Jina Lake

Ukiletewa faili la speki za Clojure, yaani masharti ya data yaliyopewa majina, ulikague, funika kwa kiganja upande wa kulia wa kila mstari, kwenye masharti, ubaki na majina peke yake. Yasome kutoka juu hadi chini. Ukimaliza ukaweza kueleza biashara hiyo inahusu nini, nani anamlipa nani na kipi hutangulia kipi, basi aliyeandika anaijua kazi. Ukiokota `::data`, `::info`, `::kitu` na `::orodha-ya-vitu`, usijisumbue kufunua kiganja.

Jaribio hili lina uzito wa pekee kwenye Clojure kuliko kwenye lugha nyingi za kifankisheni. Katika Haskell jina kubwa ni la aina ya data, na sehemu zake huishi chini ya kivuli chake. Rich Hickey, aliyeitoa Clojure mwaka 2007, alishika njia nyingine alipotangaza maktaba ya speki mwaka 2016: kila sifa ina maana yake popote itakapokutwa, na mapu (map) huzikusanya tu. Ndiyo sababu `s/keys` hupokea majina matupu. Huwezi kuandika sharti la simu ya mteja humo ndani. Lazima simu isajiliwe kwanza kwa `s/def`, tena kwa kiwodi (keyword) chenye sehemu mbili zilizotengwa na mkwaju. `:simu` hukataliwa pale pale, `:mteja/simu` hupita. Jina hilo hilo ndilo litakaloonekana kwenye data yenyewe, kwenye ujumbe wa kosa, na mara nyingi kwenye kanzidata. Ukilikosea, umelikosea mahali pengi kwa mkupuo.

Cha kwanza kukitazama ni kama jina linataja kitu au linataja umbo. Tuchukue namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ambayo mtu yeyote anayeandika mfumo wa mikopo au wa kusajili laini za simu Tanzania atakutana nayo. Ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, zinafuata tano, tano tena, kisha mbili. Mwenye haraka ataiita `::tarakimu-20`. Jina hilo halina kazi, kwa kuwa linarudia kile ambacho sharti limeshasema, na siku kitakapoingia kitu kingine chenye tarakimu 20 utakuwa na vitu viwili chini ya jina moja. Mwingine ataiita `::namba-ya-nida`, neno namba limdanganye, aweke sharti la `int?`. Sasa hapo kuna mtego. Namba kamili ya kawaida ya JVM inaishia 9,223,372,036,854,775,807, ambayo ni tarakimu 19. Tarakimu 20 za NIDA zikiandikwa kama namba, Clojure itazisoma kama BigInt, na `int?` itajibu hapana kwa kitambulisho halali kabisa. Aliyeandika `:mtu/nida` na kuihifadhi kama maandishi hakuingia mtegoni, maana jina lake halikumsukuma kufikiria hesabu. Hakuna anayejumlisha NIDA mbili.

Majina ya umbo yana mahali pake, lakini mahali hapo ni kwenye fankisheni za kujibu ndiyo au hapana, ambazo kwa desturi ya Clojure huishia na alama ya kuuliza: `ina-herufi?`, `tarakimu-tupu?`. Fundi mzuri hujenga masharti kwa fankisheni hizo, na viwodi vyake huvitengea maana. Nikiona kiwodi chenye jina la umbo kimetumika kama ufunguo ndani ya mapu, najua mwandishi alikuwa bado hajaamua anazungumzia nini.

Kipimo kimoja kinachosahaulika ni cha vizio. `:malipo/kiasi` ni kiasi cha nini? Mfumo ukiishi Mwanza peke yake, shilingi inaeleweka. Ukivuka Namanga kuingia Kenya, kuna shilingi mbili zisizolingana thamani, na jina halisemi ni ipi. Wengine huandika `:malipo/kiasi-tzs`. Mimi napendelea kiasi kisafiri pamoja na `:malipo/sarafu`, ila heri hiyo `-tzs` kuliko ukimya. Kwa muda sina subira hata kidogo: `:mkopo/muda` ni jina bovu, `:mkopo/muda-siku` ni zuri, basi.

Wanaotaja vitu kwa Kiswahili wana shida moja ambayo miongozo ya wenzetu haiigusi. Desturi ni kwamba mkusanyiko huitwa kwa wingi na kimoja kwa umoja. `:oda/kifurushi` na `:oda/vifurushi` havina utata. Lakini `:oda/bidhaa` ni moja au ni kumi? Hapo neno la kusaidia linastahili nafasi yake, `:oda/orodha-bidhaa`, hata kama linarefusha jina.

Tuje kwenye sehemu iliyo kabla ya mkwaju, yaani neimspesi. Hapa ndipo mafundi hutengana na wanagenzi. Nukta pacha mbili mfululizo ni njia ya mkato: ndani ya faili la `duka.mteja`, `::simu` husomwa kama `:duka.mteja/simu`. Ni rahisi kuandika, na faili linapendeza kwa macho. Sasa hamisha faili liitwe `duka.wateja`. Kila `::simu` imebadilika jina bila wewe kugusa hata herufi moja yake, wakati data ya mwaka jana kwenye kanzidata bado inasema `:duka.mteja/simu`. Kama simu ilikuwa ya lazima, utapata kosa na utashukuru. Kama iliwekwa kwenye `:opt`, ya hiari, mapu yatapita salama na simu haitakaguliwa kabisa, kwa kuwa jina lake la zamani halina tena speki iliyosajiliwa. Kwa hiyo nikikagua kazi ya mtu, kila `::` naiuliza swali moja: hiki kitu kinatoka nje ya programu? Kama kinakwenda kwenye kanzidata, kwenye foleni ya ujumbe au kwa mfumo wa mwenzako, kinastahili jina kamili lisilofungwa na mahali faili lilipo. Clojure 1.11 ya mwaka 2022 iliondoa kisingizio cha kwamba majina kamili ni marefu, kwa kuleta `:as-alias`, ambayo hukuruhusu kuipa neimspesi lakabu fupi hata kama hakuna faili lenye jina hilo.

Urefu wa neimspesi hutegemea nani atatumia. Daftari la speki ni moja kwa programu nzima. Maktaba mbili zikisajili `:mteja/simu`, itakayopakiwa mwisho itaifuta ya kwanza, na hutasikia onyo lolote. Tena `s/keys` hukagua kila ufunguo wenye neimspesi inaoukuta kwenye mapu, hata ule ambao hukuutaja kwenye orodha. Speki iliyochukua nafasi ya nyingine kimya kimya inaweza kuangusha mapu ambayo hukuwahi kuyafikiria. Anayetoa maktaba kwa umma aanze na jina analolimiliki, la tovuti yake kwa mfano, halafu ashuke. Kwa programu ya ndani, `:mteja/simu` inatosha na inasomeka vizuri. Pia inaoana na next.jdbc ya Sean Corfield, ambayo hurudisha safu za kanzidata zikiwa na jina la jedwali mbele. Ila jedwali lako likiitwa `tbl_cust_01`, tafadhali tafsiri mpakani. Usiruhusu uchafu huo upande hadi kwenye speki.

Mpaka mwingine ni JSON. Maktaba ya clojure.data.json, usipoielekeza vingine, hukata kila kitu kabla ya mkwaju. `:mteja/jina` na `:duka/jina` zikikaa kwenye mapu moja, zote zitatoka kama `jina`. Wapo wanaojikinga kwa kuandika `:mteja/jina-la-mteja`, nami marudio hayo huyaona kama dalili ya hofu. Afadhali fankisheni moja ya wazi inayobadilisha majina wakati wa kutoka. Kuhusu `:req-un`, inayolinganisha funguo bila neimspesi, itumie unapopokea data ya wengine. Ndani ya nyumba yako haina sababu.

Mahali ambapo hata wazoefu huzembea ni lebo za `s/or` na `s/cat`. Nimeona `:a` na `:b` kwenye kazi nzuri kabisa katika mambo mengine yote. Lebo hizo zinaonekana kama za kujaza nafasi, kumbe `s/conform` huzirudisha zikiwa zimeambatana na thamani. Mawasiliano yakiwa simu au barua pepe, jibu litakuja na `:simu` au `:barua-pepe` mbele yake, na msimbo wa mtu mwingine utachagua njia kwa kuitazama lebo hiyo. Ukiandika `:a`, mwenzako huko mbele atalazimika kuandika `:a` pia, na `s/explain` itakapotaja njia iliyoelekea kwenye kosa itakutajia `:a`. Kwa `s/cat` ya hoja za fankisheni, tumia majina yale yale ya hoja.

La mwisho ni gumu kulipima kwa kuangalia faili la leo. Unahitaji historia yake kwenye git. Je, kuna jina lililowahi kubadilishwa maana? Chukua `:mkopo/riba`, iliyokuwa riba ya mwaka. Benki ikaanza kutoza kwa mwezi, na mtu akabadilisha hesabu bila kubadilisha jina. Sharti ni lile lile, namba kati ya 0 na 1, kwa hiyo hakuna jaribio litakalolalamika, na 0.15 iliyohifadhiwa zamani itasomwa kama asilimia 15 kila mwezi. Kulegeza sharti la kinachopokelewa kunavumilika. Kuhamisha maana hakuvumiliki: sajili `:mkopo/riba-ya-mwezi`, iache ya zamani ibaki ilivyo. Hickey aliutetea msimamo huu kwa kirefu katika hotuba yake Spec-ulation ya mwaka 2016, na maktaba yake inauishi. Ilitoka pamoja na Clojure 1.9 Desemba 2017 ikiitwa `clojure.spec.alpha`, na imebaki na hilo `alpha` huku watu wakiitegemea kwenye mifumo ya kazi. Timu ya Clojure ilipoanza kuijenga upya iliipa neimspesi nyingine, `clojure.alpha.spec`, na msimbo ulioandikwa kwa ile ya kwanza haukuhitaji kuguswa.