Kazi ya Kuvuta Ndoo Kisimani

Kani isipobadilika, kazi yake ni kani mara umbali, basi. Ndoo yenye maji, jumla kilo 20, ikipandishwa mita 20 kwa mwendo wa polepole usiobadilika, na dunia ikiivuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, kazi ni 20 × 9.8 × 20, yaani jouli 3,920. Hesabu hiyo imeisahau kamba. Ndoo ikiwa chini kabisa, mvutaji anabeba mita zote 20 za kamba. Ikifika ukingoni, habebi hata moja.

Kwa kani inayobadilika namna hiyo, safari ya ndoo hukatwa vipande vifupi mno vya urefu dx, hata kani ndani ya kipande kimoja ihesabiwe kuwa ile ile. Kazi ya kila kipande ni F(x)dx, na vyote vikijumlishwa hupatikana W = ∫F(x)dx. Alama ∫, ambayo ni S iliyorefushwa, ilianza kutumiwa na Leibniz mwaka 1675.

Kazi kubwa ni kuiandika F(x) ipasavyo; intigrali yenyewe huwa nyepesi. Kamba ikiwa na robo kilo kwa mita, na x ikiwa umbali ambao ndoo imeshapanda, kipande kinachoning'inia bado ni 20 − x, na kani ya kukivuta ni 2.45(20 − x). Intigrali ya 20 − x kutoka 0 hadi 20 ni 200. Kamba peke yake inadai jouli 490, na kazi yote inafika jouli 4,410.

Ni rahisi kuteleza hapa na kuandika 2.45x. Ubaya ni kwamba jibu linatoka 490 vilevile, kwa hiyo kosa halionekani. Ndoo ikisimamishwa mita 10 tu, linajitokeza: hesabu sahihi inatoa jouli 367.5 kwa ajili ya kamba, ile ya makosa 122.5. Kamba nzima ikishavutwa kuna njia ya kuhakiki isiyohitaji kalkulasi, maana kilo zake 5 zimepanda mita 10 kwa wastani, na 5 × 9.8 × 10 ni 490. Njia hiyo ya mkato inafaa kwa kamba yenye unene sawa kote.

Ndoo inayovuja ina utata zaidi. Ikipoteza kilo 0.1 kwa sekunde na kuvutwa mita 0.5 kwa sekunde, inapoteza kilo 0.2 kwa kila mita. Kani, bila kamba, ni 9.8(20 − 0.2x), na kazi ni jouli 3,528. Uvujaji hufuata muda ilhali intigrali hufuata umbali, hivyo kasi lazima ijulikane kwanza. Mvutaji akiongeza kasi hadi mita 1 kwa sekunde, kazi inapanda hadi jouli 3,724, kwa kuwa maji yaliyofika juu ni mengi zaidi.